Ukuta Moja, Madirisha Tatu: Anza na Rodi, Pazia Itafuata

Wasee, leo tuongelee ile ukuta. Unaijua. Umepata keja fiti, labda Umoja, Kayole, Roysa ama Ronga, na sebule iko na madirisha tatu zimepangwa laini moja. Siku keateka alikufungulia mlango, mwanga wenye uliingia hapo ndani ndio ulikumaliza. Ukalipa depo hapo hapo. Alafu usiku wa kwanza ukawasha stima, na ukajua ploti ya ng'ambo inakucheki laivu ukimanga ugali.

Pale Pipeline ploti zingine zimekaribiana hadi unaweza salimia jirani bila kupaza sauti. Kwa mtaa ka hiyo, pazia si urembo pekee. Ni heshima yako na usingizi yako. Ndio maana huniuma nikiingia kwa msee amejituma, amenunua kochi safi, TV iko kwa ukuta, alafu dirisha ya kwanza iko na pazia alipewa na mathee, ya pili iko na ile ya bedsita ya kitambo, na ya tatu ni shuka imepigwa misumari. Doo ilitumika, lakini keja bado inakaa ni ka watu wanahama kesho.

Msimamo wangu ni huu: usinunue pazia ya dirisha, nunua pazia ya ukuta. Madirisha tatu kwa ukuta moja ni timu moja, na timu huvaa jezi moja. Na kabla uguse kitambaa yoyote, maliza stori ya rodi. Rodi ndio huamua pazia itakuwa ya urefu gani, paneli ngapi, na utabuyi mita ngapi. Ukianza na kitambaa juu umeona rangi imekubamba, utalazimisha ukuta ifuate pazia, na ukuta haijui kubembelezwa.

Soma ukuta kwanza

Toa tepu, kalamu na karatasi. Chora ukuta yako hata kama hujui kuchora. Pima upana wa kila dirisha, alafu upime zile nguzo za ukuta ziko katikati ya dirisha na dirisha. Pima kutoka juu ya dirisha hadi silingi, alafu kutoka silingi hadi kwa sakafu. Usipime dirisha moja useme hizo zingine ni vile vile. Majengo yetu mob zilisimamishwa mbio mbio, na unaweza pata dirisha moja imepita jirani yake sentimita mbili tatu.

Cheki pia vitu venye vinaweza sumbua: mkono wa dirisha ukitokeza ndani, grili, soketi, swichi ya stima. Kama kuna boksi ya mbao juu ya dirisha ama reli iliwachwa na mpangaji wa kitambo, ishike, uivute kidogo, usikie ka iko imara. Na kama imebaki ile waya ya springi imefungwa kwa misumari mbili, iheshimu kwa kazi yake: inabeba shia nyepesi kwa dirisha ndogo. Kwa ukuta ya mita nne haiwezi. Pazia nzito itaivuta katikati na italegea.

Twende na mfano moja hadi mwisho ndio tuelewane. Madirisha tatu, kila moja mita 1.2. Nguzo mbili katikati, kila moja sentimita 40. Kutoka ukingo wa kwanza hadi wa mwisho hiyo ni mita 4.4. Andika hiyo namba, tutairudia.

Rodi moja ama rodi tatu?

Jibu iko kwa hizo nguzo. Nguzo zikiwa nyembamba, chini ya sentimita 60 hivi, weka rodi moja itembee ukuta yote. Ukijaribu rodi tatu hapo, kila moja itataka kutoka nje ya dirisha sentimita 15 ama 20 kila upande, na vile vichwa vya rodi vitabanana katikati. Ukuta itakaa imejaa vyuma. Rodi moja inatuliza macho: mtu akiingia haoni madirisha tatu ndogo, anaona upande mzima wa nyumba umevaa.

Nguzo zikiwa pana, ka mita moja kuenda juu, ama kama katikati umeweka TV, picha ama shelfu, hapo rodi za kujitegemea ziko sawa. Lakini ziwe na sheria moja: urefu moja kutoka chini, aina moja, rangi moja, na zitokeze kando kwa kipimo moja. Hata kama dirisha moja ni fupi kushinda zingine, rodi yake ipande ifikie za wenzake. Jicho hufuata laini ya rodi, na kitambaa itaficha hiyo tofauti ya dirisha.

Na kama kwa hiyo ukuta kuna mlango wa balkoni pamoja na madirisha? Usigawanye. Rodi moja juu ya zote, na pazia zote zifike chini. Ukiweka ndefu kwa mlango na fupi kwa madirisha, ukuta inakatika vipande na keja inaonekana ndogo.

Sasa turudi kwa mfano wetu. Laini ni mita 4.4. Ongeza sentimita 20 kila upande, rodi inakuwa mita 4.8. Hizo 20 za kando si za kuringa. Ukifungua pazia, kitambaa inahitaji mahali pa kujikusanya. Ikijikusanya mbele ya kioo, imekula mwanga, na huo mwanga ndio ulifanya ulipe depo.

Kuhusu kupanda juu, usibandike rodi imekaa kichwani mwa dirisha. Ipandishe angalau sentimita 15 juu ya fremu, ama ufike katikati ya dirisha na silingi. Kwa nyumba yenye dirisha inaishia mita 2.1, rodi ikikaa kwa mita 2.3 ama 2.4, silingi inaonekana imepanda. Haikugharimu kitu, ni mashimo tu zimesonga.

Breketi hukata njia

Hapa ndio mafundi wengine hawakuambiangi. Rodi ya mita 4.8 haiwezi shikwa na breketi mbili za mwisho peke yake. Itapinda katikati ka kamba ya kuanikia nguo. Inataka breketi kila mita moja na nusu hivi. Lakini breketi ikishika rodi kutoka chini, ringi ya pazia haiwezi pita. Pazia ya ringi itatembea hadi kwa breketi, na hapo safari imeisha.

Kwa hivyo ukibuyi paneli mbili kubwa ukidhani utazivuta kutoka kona hadi kona ya ukuta, zitakwama. Mpango fiti ni kuweka breketi za katikati kwa nguzo. Kwa mfano wetu ni breketi nne: mbili za mwisho, na mbili katikati ya zile nguzo mbili. Rodi inagawanyika sehemu tatu, kila moja mita 1.6, na kila sehemu inapata paneli mbili. Jumla ni paneli sita. Ukizifungua asubuhi, paneli mbili zinakutana kwa kila nguzo na kuifunika, na moja moja inabaki kwa mwisho wa rodi. Kioo yote iko wazi. Ukuta imekaa ni ka ilipangwa na mtu wa majengo.

Rodi ndefu pia huja vipande vya kuunganisha. Hakikisha kila jointi imekaa juu ya breketi, isining'inie hewani. Kwa mfano wetu, vipande vitatu vya mita 1.6 vinaangukia nguzo vizuri, na paneli zikikusanyika hapo jointi haionekani. Chukua rodi yenye unene wa milimita 25 kuenda juu, na ringi ziwe na nafasi ya kutosha kuteleza. Kwa kila mwisho, acha ringi moja ya pazia ikae nje ya breketi, kati yake na kichwa cha rodi. Hiyo moja inashikilia paneli kwa kona ndio ukivuta, pazia yote isifuate mkono.

Kama unataka pazia itembee ukuta nzima bila kusimama, wachana na rodi na uende reli. Reli hushikwa kutoka juu ama nyuma, na vigurudumu ama huku zinapita ndani bila kugonga kitu. Hiyo ni poa sana kwa shia. Lakini kama silingi yako ni jipsamu ama bodi laini, reli isifungwe kwa bodi tupu. Fundi atafute mbao yenye iko nyuma, ama afunge kwa ukuta. Bodi pekee haibebi uzito.

Kama bajeti ni ya kubana, pitia kwa welda wa mtaa. Anaweza kukukatia paipu ya raundi kwa kipimo yako, akutengenezee breketi za chuma, upige rangi nyeusi mwenyewe. Mwambie alainishe ncha na mahali amechoma, juu chuma yenye makali hukwaruza ringi na kupasua kitambaa.

Kuta zetu nyingi ni mawe, na juu ya dirisha kuna zege. Msumari hapo utapinda. Unataka drili ya kugonga, plagi za ukuta na skurubu ndefu. Na pimamaji iwe hapo. Lakini kama rodi iko karibu sana na silingi, pima pia kutoka silingi, juu silingi ikiwa imeinama kidogo, rodi imenyooka sawa itaonekana ndio imepinda. Kabla fundi atoboe, ongea na keateka ama landlodi. Ukihama utaziba mashimo na kupaka rangi, depo yako irudi bila vita. Zile huku za kugandisha na gundi, wachia taulo. Pazia ya mita nne itazing'oa na rangi.

Hesabu ya kitambaa

Rodi ikishasimama, sasa ndio unaweza pima urefu. Pima kutoka rodi hadi chini mahali tatu: kulia, katikati na kushoto. Sakafu pia huinama. Chukua kipimo fupi, utoe sentimita moja, pazia ikae imeguswa na hewa kidogo juu ya sakafu. Zile za kulalia chini ziko smati kwa picha, lakini kwa nyumba yenye inapigwa deki kila asubuhi, na kwa vumbi ya Januari na Februari, zitakuwa zinaosha sakafu badala ya wewe.

Upana nao: pazia bila malinda ni shuka imening'inia. Kitambaa iwe mara mbili ya rodi. Ukisota, mara moja na nusu bado inakubali. Shia inaweza enda hadi mara mbili na nusu juu ni nyepesi. Kwetu ni rodi ya mita 4.8 mara mbili, mita 9.6. Gawanya na sita, kila paneli ni mita 1.6 ikishashonwa. Ongeza sentimita 10 za pindo la kando kwa kila paneli, hapo ni 60 zote. Unafika mita 10.2. Hiyo ndio namba unaenda nayo dukani.

Vitambaa mob za pazia huuzwa zikiwa na kimo cha mita 2.8, na wewe unanunua kwa urefu wa roli. Rodi ikiwa mita 2.4 juu, weka sentimita 10 za juu na 10 za pindo la chini, unakula mita 2.6 na inatosha bila kuunganisha. Kama roli ni ya upana wa mita 1.5, hesabu inabadilika: kila paneli inakatwa kwa kimo, na utalipia mita nyingi zaidi. Uliza upana kabla uulize bei.

Mwambie fundi wa cherehani maneno haya: paneli sita, zote sawa, ringi namba ya kugawanyika na mbili. Kwa paneli ya mita 1.6, ringi 10 ziko sawa. Zikiwa namba shufwa, kingo zote mbili za paneli zinageukia ukuta. Zikiwa witiri, kingo moja inatokeza mbele na pazia haitulii. Kama kitambaa ni pamba, kiloweke na kukianika kabla kukatwa, juu pamba hupungua ikioshwa. Polista haina hiyo maneno.

Isich, Giko na kuchagua

Ukitaka roli mpya, shuka Isich. Garissa Lodge, yenye kitambo ilikuwa lojingi ya kulala wageni, iligeuzwa maduka mapema miaka ya 1990, na hapo ndio mtaa ilishika moto wa biashara hadi leo maduka ya nguo na vitambaa zimejaa kila kona. Enda mapema, tembea maduka kadhaa kabla ufungue mkoba, na uombe roli ifunguliwe. Kishike kitambaa kwa mwanga wa nje, si kwa balbu za duka. Weka mkono nyuma yake: ukihesabu vidole, hata jirani atakuhesabu usiku. Beba kava ya kochi ama hata picha ya sebule yako ilipigwa mchana.

Ukishaamua, buyi mita zote siku moja kutoka roli moja. Rangi ya roli moja na nyingine inaweza tofautiana hata ka jina ni moja, na kwa ukuta yenye paneli sita ziko bega kwa bega, hiyo tofauti haijifichi. Kitambaa yenye iko na maua makubwa ama mistari pia inataka mita za ziada, ndio maua zifuatane paneli hadi paneli. Kama hauna chapaa ya ziada, chagua rangi moja isiyo na maua. Ukuta ndefu ikiwa na rangi moja hutulia, alafu mito ya kochi ndio ipige kelele.

Giko nayo iko na pazia za mtumba za nguvu, nzito, zingine na laining yake. Shida ya mtumba kwa ukuta yetu ni idadi. Utapata mbili zinafanana, ukibahatika nne. Kupata sita si kawaida. Kwa hivyo cheza na mpangilio: ukipata nne, ziweke kwa dirisha za kando, na katikati uweke mbili za rangi tupu inayoshikana nazo. Pande mbili zikilingana, ukuta inasimama. Fungua kila pazia, icheki kwa jua, uangalie mikunjo kama imepauka, na upime kimo hapo hapo na tepu yako.

Na kama doo imetosha nusu, anza na shia kwa ukuta yote. Shia itakulinda mchana, na breketi ya rodi mbili itasubiri pazia nzito mwisho wa mwezi. Lakini usiku taa ikiwaka, shia pekee haifichi. Usijidanganye hapo.

Jua, baridi na meko

Uliza ukuta yako inaangalia wapi. Ikiangalia magharibi, jua ya saa tisa itakupiga hadi TV isionekane, na itapausha rangi kali. Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini ya ikweta, na iko juu milimani, kwa hivyo jua yetu haina mchezo. Weka laining nyuma ya pazia, italinda rangi na kuzima mwanga. Ikiangalia mashariki na unafanya shifti ya usiku, hiyo laining ndio usingizi yako. Na Julai baridi ikiingia, pazia nzito inazuia ile hewa ya kioo isikufikie kwa kochi.

Wakati wa mvua ndefu, zifungue kila siku na ufungue dirisha pia. Pazia ikikaa imefungwa kwa ukuta yenye inatoa maji, ukungu utaanza nyuma yake kabla uone.

Kwa wale wa bedsita, sikieni hii vizuri. Kama dirisha moja kati ya hizo iko karibu na gesi, hiyo haipati pazia ndefu, hata kama timu yote imevaa. Iachie kioo ya ukungu, ama ibandike karatasi ya kioo, na rodi iishie kabla ya meko. Upepo moja ikisukuma kitambaa kwa moto, hakuna luku ya kuokoa.

Ukihama, zinahama na wewe

Wengi wetu tunalipa kodi, na mwaka ujao hatujui tutakuwa mtaa gani. Ndio maana watu husema ya nini kujisumbua na ukuta ya landlodi. Lakini cheki zile paneli sita zenye umeshona sawa. Ukipata keja yenye sebule iko na dirisha moja ya mita 2.4, weka rodi ya mita 2.8 na uvalishe paneli nne: hapo una mita 6.4 za kitambaa, zaidi ya mara mbili. Mbili zilizobaki zinaingia bedirumu kwa dirisha ya mita 1.2, rodi ya 1.6, mara mbili kamili. Rodi iko vipande, inafunguka na kubebwa. Hakuna kitu imepotea isipokuwa plagi za ukutani.

Hiyo ndio faida ya kushona kwa hesabu. Hautakuwa unaanza upya kila ukihama, na hautaishi miaka nyuma ya shuka ukingoja nyumba yako mwenyewe ndio uanze kukaa vizuri. Kodi unalipa sahi. Kaa vizuri sahi.